Siri ya vyama vinavyokataa kufa: Funzo kutoka Biliqo

CHAMA cha Jubilee kilipopigwa kumbo katika ngome zake za Mlima Kenya kwenye Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2022, wadadisi wengi wa siasa walianza kukiandalia matanga. Hata hivyo, katika Kaunti ya Isiolo mambo yalikwenda kinyume kabisa. Huko, chama hicho kilitwaa kiti cha ugavana kupitia Abdi Ibrahim Guyo, cha useneta kupitia Fatuma Dullo, cha mwakilishi wa wanawake kupitia Mumina Bonaya, pamoja na viti vyote viwili vya ubunge, Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini.

Kati ya kaunti zote 47, Isiolo ndiyo pekee iliyomchagua gavana kwa tiketi ya Jubilee mwaka huo.

Miongoni mwa wapigakura waliotoa uamuzi huo ni wakazi wa Biliqo, kijiji cha wafugaji kilichoko mbali na lami katika eneo la Merti, eneobunge la Isiolo Kaskazini. Wengi wao ni Waborana wa Waso, jamii inayolitegemea bonde la mto Ewaso Nyiro kwa maji na malisho. Kwa mtazamo wa Nairobi, kura za kijiji kama hicho ni tone baharini. Lakini mwenye kutaka kuelewa kwa nini chama cha kisiasa hukataa kufa hata baada ya kutangaziwa mauti mara kadhaa, hana budi kuanzia mahali kama hapo.

Maana Jubilee si ya kwanza. Kabla yake ilikuwepo Kanu, mama wa vyama nchini Kenya, ambayo imezikwa kwa maneno mara nyingi kuliko chama kingine chochote na ingali inatajwa.

Chama kilichokuwa serikali

Kanu iliundwa mwaka 1960 na kuchukua jogoo kuwa alama yake. Miaka mitatu baadaye iliiongoza nchi kujipatia uhuru. Hata hivyo, katika iliyokuwa Wilaya ya Mpakani Kaskazini, ambayo Isiolo ilikuwa sehemu yake, chama hicho hakikupokewa kwa vifijo. Mwaka 1962 tume iliyoteuliwa na Uingereza kuchunguza maoni ya wakazi ilibaini kuwa wengi katika wilaya hiyo walitaka kujiunga na Somalia. Uchaguzi wa Mei 1963 ulisusiwa na wengi wa wafuasi wa msimamo huo.

Mwezi Juni mwaka huo, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa kupigwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido walipokuwa wakiwahimiza wakazi kubaki Kenya. Kufikia mwisho wa mwaka, serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari na vita vya Shifta vilikuwa vimeanza. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, ikiwemo Merti na Garba Tulla. Mifugo waliyoitegemea iliangamia kwa wingi. Vita vilimalizika mwaka 1967 kwa mapatano kati ya Kenya na Somalia, lakini sheria za hali ya hatari katika wilaya za kaskazini hazikuondolewa hadi mwaka 1991.

Kwa historia kama hiyo, mtu angetarajia kwamba mara tu mlango wa vyama vingi utakapofunguliwa, wakazi wa kaskazini wangekuwa wa kwanza kuipa Kanu kisogo. Sivyo ilivyokuwa. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu mwaka 1982, kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata, wakati wapigakura wa Nairobi, Kati na Nyanza walipokuwa wakiikimbia Kanu, sehemu kubwa ya kaskazini ilibaki nayo. Rais Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, na chama chake kikapata viti 100 kati ya 188 bungeni.

Sababu haikuwa mapenzi. Katika maeneo yaliyokuwa yametawaliwa kwa amri za dharura kwa karibu miongo mitatu, Kanu na serikali vilikuwa kitu kimoja. Chifu aliyeandika majina ya wanaohitaji chakula cha msaada, ofisi iliyochuja maombi ya vitambulisho na afisa aliyetoa kibali cha kuuza mifugo, wote walionekana kuwa watu wa chama. Mfugaji aliyepiga kura kwa jogoo hakuwa anatoa hukumu juu ya sera. Alikuwa akihakikisha kwamba mlango wa serikali haufungwi mbele ya uso wake.

Kwa upande wake, Moi alizihitaji kura hizo kuliko idadi yake ilivyoonyesha. Sheria ilimtaka mshindi wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kwa hivyo kura chache za wilaya kavu zilikuwa na uzito ambao wengi waliokaa mijini hawakuutambua.

Jogoo anyonyoka manyoya

Mwaka 1997 Kanu ilipata viti 107 kati ya 210. Miaka mitano baadaye, Uhuru Kenyatta, aliyechaguliwa na Moi kupeperusha bendera ya chama, alishindwa na Mwai Kibaki wa muungano wa Narc. Viti vya Kanu vilishuka hadi 64. Isiolo Kaskazini nayo ilimchagua Dkt Mohamed Kuti kwa tiketi ya Narc.

Mapema mwaka 2003 serikali mpya ilitwaa Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, ambalo Kanu ilikuwa imelifanya makao yake makuu. Kwa wengi, tukio hilo lilikuwa kama kuondolewa kwa jeneza nyumbani. Chama ambacho kiongozi wake hakai tena Ikulu, na ambacho hakina hata jengo la kuketi, kingeishi vipi?

Kiliishi. Mwaka 2005 kilisimama pamoja na upande wa Chungwa ulioshinda kura ya maoni kuhusu katiba. Mwaka 2007 kilimuunga mkono Rais Kibaki na kuambulia wabunge 14. Mmoja wao alikuwa Abdul Bahari Ali wa Isiolo Kusini, eneobunge linalopakana na lile la Biliqo. Hivyo miaka mitano baada ya kufukuzwa Ikulu, jogoo alikuwa angali anawika katika wilaya ileile ambayo serikali yake ilikuwa imeitawala kwa sheria za hali ya hatari.

Uhuru alipoihama Kanu mwaka 2012 na kuongoza TNA, uongozi ulibaki kwa Gideon Moi. Uchaguzi wa mwaka 2013 ulikipa chama viti sita tu vya maeneobunge. Mwaka 2022 Gideon alipoteza kiti chake cha useneta wa Baringo. Oktoba 2025 alikutana na Rais William Ruto na kujiondoa katika uchaguzi mdogo wa kiti hichohicho, hatua iliyokisogeza chama chake upande wa serikali.

Kutoka viti 107 hadi sita ni anguko ambalo hakuna awezaye kulificha. Hata hivyo, anguko si kifo, na tofauti ya mawili hayo ndiyo inayowapiga chenga wachanganuzi.

Chombo cha kuazima

Baada ya kupoteza serikali, Kanu ilipoteza kile kilichowafanya watu waiogope. Ilichobaki nacho ni cheti cha usajili, jina linalojulikana na alama ambayo hata asiyejua kusoma huitambua kwenye karatasi ya kura. Vitu hivyo vitatu vinatosha kukiweka chama hai, kwa sababu daima kuna mtu anayevihitaji.

Sheria yenyewe inachangia. Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu raia kuwania kiti akiwa mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwanasiasa anayebwagwa katika mchujo wa chama kikubwa mara nyingi huwa amechelewa kutumia njia hiyo. Anayetarajia kunyimwa haki katika mchujo naye hutafuta mapema jahazi lenye nafasi. Chama kidogo kisicho na umati wa wawaniaji kinageuka kuwa mali.

Zaidi ya hayo, viti maalumu katika mabunge ya kaunti hugawanywa kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda. Chama kinachonyakua wadi chache za mashambani kinaweza kuwa na sauti katika uteuzi wa wawakilishi wengine. Ili kisajiliwe kikamilifu, chama pia hutakiwa kuwa na wanachama katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa hiyo kaunti ndogo kama Isiolo ina thamani kwa viongozi wa vyama hata pale kura zake za urais zinapopuuzwa.

Rekodi ya Isiolo inaonyesha jinsi wakazi wanavyolitumia soko hilo. Dkt Kuti aliingia bungeni kwa Narc mwaka 2002, akawa seneta kwa tiketi ya URP mwaka 2013, kisha akachaguliwa gavana mwaka 2017 akiwa mgombea huru. Mwaka huohuo wa 2017, viti vyote viwili vya ubunge vya kaunti hiyo vilichukuliwa na Kenya Patriots Party, chama ambacho Wakenya wengi hawakuwa wamekisikia. Miaka mitano baadaye viti hivyo vikaenda kwa Jubilee.

Je, wapigakura wa Isiolo ni vigeugeu? La hasha. Kinachobadilika ni jina la chama. Kisichobadilika ni mashauriano ya wazee kuhusu nani awanie kiti gani, ili Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wasakuye na jamii nyinginezo za kaunti hiyo zijione zimo katika safu ya uongozi. Mapatano yakishafikiwa, hutafutwa chombo cha kuyabeba. Chombo hicho kikiwa kimechakaa kwingineko nchini, Isiolo haidhuriki, almuradi hakivuji siku ya kuvuka.

Hivyo ndivyo Jubilee ilivyopata uhai huko mwaka 2022. Chama kilichoundwa mwaka 2016 kwa kuunganisha TNA, URP na vingine kadhaa, na kilichokuwa na wabunge 171 baada ya uchaguzi wa 2017, kilikuwa kimebomoka kwa sababu ya mfarakano wa Rais Kenyatta na naibu wake. Katika Mlima Kenya, tiketi yake iligeuka mzigo. Isiolo, ugomvi huo haukuwa ugomvi wao.

Matanga ya wachanganuzi

Kama Kanu ilivyodumu, ndivyo walivyodumu pia wanaotabiri kifo chake. Mwaka 1991 ilisemekana kwamba Kanu haiwezi kustahimili ushindani. Ikashinda mara mbili. Mwaka 2002 ilisemekana kwamba haiwezi kuishi nje ya serikali. Ikaishi. Mwaka 2012, Uhuru alipoihama, matanga yakaandaliwa tena. Maneno yaleyale yakatolewa vumbi mwaka 2022 na kuvishwa Jubilee.

Si haki kusema kwamba wachanganuzi hao walikosea kila kitu. Kanu kama chama cha kutawala taifa ilikwisha mwaka 2002, na hakuna dalili kwamba itarudi ilikokuwa. Jubilee nayo haijawahi kurejesha nguvu ilizokuwa nazo, na mwaka 2023 ilizongwa na vita vya ndani kati ya mrengo wa Jeremiah Kioni na ule wa Kanini Kega na Sabina Chege, huku wabunge wake kadhaa wakishirikiana waziwazi na serikali ya Rais Ruto. Waliotabiri kudhoofika walitabiri sawa.

Kosa lao ni la kipimo. Wao huangalia Ikulu, kisha huteremka hadi bungeni, na mara nyingi huishia hapo. Chama kisichokuwa na mgombea wa urais huhesabiwa kuwa maiti. Lakini chini ya katiba ya sasa kuna ngazi sita za uchaguzi, na chama kinaweza kuwa hoi katika ya kwanza huku kikitamba katika tano zilizobaki. Mchanganuzi anayezungumza studioni Nairobi usiku wa matokeo huyapata ya wadi za Merti wakati hadhira yake imekwisha kulala.

Kuna jambo jingine. Kila mara kifo cha chama kinapojadiliwa, jina lake hutajwa, alama yake huonyeshwa na viongozi wake hualikwa kujibu. Kwa chama kisicho na fedha za kujitangaza, mjadala wa namna hiyo ni bahati. Anayekizika hewani humsaidia anayekiuza mashinani.

Kenya si peke yake katika hali hii. Nchini Uganda, chama cha UPC kilichoasisiwa mwaka 1960, na ambacho serikali yake ilipinduliwa mara mbili, mwaka 1971 na mwaka 1985, kilipata wabunge tisa katika uchaguzi wa mwaka 2021, nguvu zake kuu zikiwa eneo la Lango. Kwa upande mwingine, chama cha CUF nchini Tanzania kiliporomoka Zanzibar baada ya Maalim Seif Sharif Hamad kuhamia ACT-Wazalendo Machi 2019, kwa kuwa wafuasi wengi walimfuata mtu na si bendera. Mifano hiyo miwili inafundisha jambo moja: chama hudumu pale jamii fulani inapokihitaji, na hutoweka pale kinapokuwa hakina tena anayekihitaji.

Malisho yapo, chama hakipo

Swali lililobaki ni zito zaidi: wakazi wa Biliqo hupata nini kutokana na vyama hivi visivyokufa?

Kwa mfugaji, uchaguzi wa gavana si suala la bendera. Katiba inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii hiyo. Kwa hivyo anayeshinda ugavana mjini Isiolo huwa mdhamini wa malisho yaliyo mbali naye. Hapo ndipo tiketi ya chama, hata kilichochakaa, inapopata maana ya kweli.

Lakini mgogoro mkubwa kuliko yote uliolikumba eneo hilo katika miaka ya karibuni haukutatuliwa na chama. Mwaka 2021 wakazi walikwenda mahakamani kupinga hifadhi za wanyamapori za Biliqo-Bulesa na Cherab, zilizoanzishwa katika ardhi yao kwa ushirikiano na shirika la Northern Rangelands Trust. Walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliwapa ushindi, ikiamua kuwa hifadhi hizo zilianzishwa kinyume cha sheria.

Kesi hiyo ilibebwa na wakazi wenyewe na mawakili wao. Kwa muda wote ambao ilikuwa ikisikilizwa, kaunti ilipitia uchaguzi mmoja, magavana wawili na vyama kadhaa. Vivyo hivyo, hofu ya wakazi wa bonde la Ewaso Nyiro kuhusu mpango wa bwawa la Crocodile Jaw ilipazwa zaidi na misafara ya ngamia iliyofuata mkondo wa mto kuliko na ilani ya chama chochote.

Wala malisho yenyewe hayasimamiwi na vyama. Kwa mila ya Waborana, baraza la dedha ndilo huamua mifugo ihamie wapi wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na msimamizi wa kisima huamua zamu ya kunywesha. Taasisi hizo zilikuwepo kabla ya Kanu na zimestahimili ukame, vita na sheria za hali ya hatari. Ukitafuta kilichodumu kweli Biliqo, ni hizo.

Hapa ndipo siri ya uhai wa chama hafifu inapofichuka. Chama kinachoombwa tiketi tu hakiwezi kuvunja ahadi ambayo hakikutoa. Wakazi hawakidai kisima, shule wala hukumu ya ardhi. Wanamdai mtu waliyempeleka. Akishindwa, huondolewa yeye na chama hubaki kikimsubiri mwingine. Chama kinachodaiwa kidogo huishi muda mrefu, na gharama ya maisha hayo hulipwa na mpigakura, ambaye kila baada ya miaka mitano hulazimika kuanza upya na uso mgeni chini ya alama ya zamani.

Uchaguzi Mkuu ujao umepangiwa kufanyika Agosti 2027. Vyama vitakuja Isiolo na majina mapya kwa yale ya kale, na bila shaka baadhi yao vitakuwa vimetangaziwa mauti kabla ya siku hiyo. Wakazi wa Biliqo wana hukumu ya mahakama mikononi mwao, na utekelezaji wake kwa sehemu utategemea nani ataketi katika ofisi ya gavana. Safari hii huenda wakawauliza wawaniaji swali ambalo jogoo hakuwahi kuulizwa: mkishapanda chombo hiki, malisho yetu yatakuwa mikononi mwa nani?